Simu Katika Bakuli la Bati

Katika nyumba ile ya vyumba viwili hakuna aliyesema tena kwamba kitu fulani ni ghali. Walisema kina siku nyingi. Maziwa ya chai kwa mwezi mzima yalikuwa na siku nne. Nauli ya Baba ya kwenda ghalani na kurudi ilikuwa na siku sita, ndiyo maana sasa alikwenda kwa miguu. Ugoro wa Bibi ulikuwa na siku moja kasoro, na Bibi aliuacha mwenyewe bila kuombwa, kisha akakiweka kikopo chake kitupu dirishani ili kila anayeingia akione.

Siku hizo zilikuwa za Dada. Binti mkubwa wa nyumba alikuwa mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, akipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu mwaka uleule Baba alipomdhamini mdogo wake mkopo wa mashine ya kusaga. Mota iliungua mwezi wa tatu, mdogo mtu akazima simu na kuhama, na hati ya nyumba ikabaki kabatini kwa chama cha akiba na mikopo. Chuo kilikubali kumshikia Dada nafasi yake kwa mwaka mmoja, si zaidi. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni na mfuko wake begani, akasema, "Deni likiisha mniite. Siku hiyohiyo napanda basi."

Baba ndiye aliyebuni hesabu ya siku. Kazi yake ilikuwa kupima magunia katika ghala la nafaka, na mtaa mzima ulimwita Mizani. "Tukisema tunakilipa chama, tutachoka," aliwaambia. "Tuseme tunamrudisha mtoto." Akaligawa deni kwa kile walichoweza kulipa kwa siku, akapata idadi, na kila walichokiacha kikaipunguza idadi hiyo. Mwandishi wa hesabu alikuwa binti wa pili, mwenye miaka kumi na mmoja, aliyeitwa Karani kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Daftari lake alilifunika kwa karatasi ya kaki, na juu yake aliandika neno moja: Dada.

Jioni ile walikuwa wanajadili sukari.

"Tusomee," Baba alisema.

"Zimebaki siku hamsini na mbili," Karani alisoma. "Chuo kinafunguliwa baada ya siku arobaini na tano."

"Kwa hiyo tunachelewa kwa wiki moja."

"Na siku ya safari," Mama alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa anashona sare za shule, mashati meupe kumi na mbili ya mteja mmoja. "Na siku za kulala. Mtoto hawezi kushuka kwenye basi na kuingia darasani. Nataka siku nne alale hapa."

"Mama yake anataka na siku za kulala," Baba alisema, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyehitaji kuelezwa. "Haya. Sukari ina siku tatu."

"Mizani mwanangu," Bibi alisema kutoka kwenye mkeka, "hebu na mimi unipime. Nikifa leo, natoa siku ngapi?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Nala mara mbili, sifanyi kazi, na mafuta ya magoti yangu mnayanunua. Lazima nina siku nyingi kuliko sukari."

Karani alicheka, kisha akaona Baba hacheki, akaufuta uso wake kwa kiganja.

"Wewe hukatwi," Baba alisema hatimaye. "Wewe ukikatwa nani atatutukana?"

"Hapo umesema kweli." Bibi akakunja miguu. "Andika, Karani. Sukari, siku tatu. Na uandike kwamba Bibi aliomba kupunguzwa, wakamkatalia."

Karani akaandika vyote viwili.

*

Sukari ikaondoka, zikafuata betri za redio, kisha mkaa wa kupashia maji ya kuoga. Mwisho Baba alikikata chakula chake cha mchana pale ghalani, ambacho peke yake kilikuwa na siku tano.

Saa saba wabeba mizigo waliposhusha magunia na kwenda kwa mama aliyepika nyuma ya ghala, yeye alibaki kwenye mizani, akakifuta chuma chake kwa kitambaa, chuma kilekile alichokuwa amekifuta asubuhi. Siku ya kwanza aliwaambia tumbo linamsumbua. Siku ya pili aliwaambia amefunga. Siku ya tatu kijana mmoja wa magunia alimpigia kelele mbele ya wote, "Mzee Mizani, hii funga yako inafunguliwa lini? Au na wewe umeungua mota?"

Wakacheka. Kicheko hakikuwa kibaya, walikuwa watu waliomzoea. Lakini yule mama wa chakula alimwonea huruma, akamletea sahani ya maharage na kuiweka juu ya mizani. Mshale ukasogea kidogo. Baba aliutazama mshale, akaitazama sahani, akairudisha kwa mikono miwili.

"Asante, dada yangu. Ukinizoesha, nitakuwa nakuja kila siku."

"Si uje tu?"

"Halafu nitakuwa na deni na kwako."

Njiani kurudi nyumbani alihesabu hatua, si kwa sababu hatua zilikuwa na siku, bali kwa sababu mtu anayehesabu hasikii njaa vizuri. Alimwaza binti yake. Hakumwaza akipiga pasi. Jambo hilo hakulipenda. Alimwaza akiwa mdogo, alipokuwa anamleta ghalani siku za likizo na kumsimamisha juu ya mizani, na yeye anakaza mwili wote, anashika pumzi, akiamini kwamba ataongeza uzito.

Mama naye alikuwa na jambo lake ambalo halikuandikwa katika daftari. Vipande vilivyobaki katika vitambaa vya sare, ambavyo zamani alivitupa au kuvigeuza vifutio, alikuwa anavikusanya. Kwa vipande vile alikuwa anashona blauzi nyeupe ya mwanachuo wa ualimu: mgongo wa vipande viwili, mikono ya vipande vitatu, mishono iliyofichwa kwa ustadi hata mtu aliyeishika mkononi asingeiona. Hakuhitaji kipimo. Mabega ya binti yake aliyajua, urefu wa mkono aliujua, kiuno alikijua. Kila alipofika kiunoni, hata hivyo, sindano yake ilisimama. Mwaka unakaribia kwisha. Je, kiuno ni kilekile?

Hilo ndilo lilikuwa tatizo la Jumapili. Jumapili haikuweza kumjibu mtu swali.

*

Mapatano ya Jumapili yalikuwa hivi: saa kumi alasiri Dada alibipu. Simu ikilia mara moja na kukatika, ni mzima. Ikilia mara mbili na kukatika, ametuma fedha. Hakuna kupokea, kwa sababu dakika anazozungumza zinatoka katika mshahara wake, na mshahara wake ndio ulikuwa nusu ya kila malipo. Hakuna kuandikiana ujumbe pia, isipokuwa kwa ugonjwa au msiba. Baba aliijua familia yake. Ujumbe mmoja ungeitwa jibu, jibu lingeitwa swali, na kabla ya wiki kwisha mama na binti wangekuwa wanasimuliana walichokula.

Saa kumi kasorobo Karani aliileta simu na kuilaza ndani ya bakuli la bati, katikati ya mkeka. Bakuli lilikuwa kwa ajili ya Bibi, ambaye masikio yake yalikuwa yamezeeka. Ndani ya bati mlio ulikuwa mkubwa maradufu, na simu ilitetemeka na kuzunguka. Wote wanne walikizunguka kile chombo. Mama aliacha cherehani. Mtu akipita dirishani angedhani wanakula.

Kisha simu ililia mara moja, ikanyamaza, na ndipo mazungumzo yalipoanza.

"Leo amechelewesha kidole," Bibi alisema. "Simu iliita mpaka karibu mlio wa pili. Ana furaha."

"Amekata upesi," Mama alisema. "Yuko na watu."

"Saa kumi na dakika mbili," Karani alisema. "Wiki iliyopita ilikuwa dakika tano."

"Basi hakuwa na kazi nyingi."

"Au alikuwa na hamu," Mama alisema, akarudi kwenye cherehani.

Kwa miezi kumi na moja walikuwa wamemsoma mtoto kutoka katika mlio mmoja kwa wiki. Walikuwa wamejifunza kuusoma vizuri sana, au ndivyo walivyoamini.

*

Jumapili ile daftari lilisema siku kumi na tisa. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya ishirini na nne. Ukitoa siku moja ya basi, zilibaki nne kamili za kulala, na Mama alikuwa ameshafua shuka.

"Tumwandikie sasa," Mama alikuwa ameomba asubuhi. "Mara hii moja. Ajue kwamba zimebaki kumi na tisa."

"Nikiwa na stakabadhi mkononi," Baba alijibu. "Mara ngapi nimeahidi katika nyumba hii? Nilikuahidi kwamba mashine ya kusaga itatujengea chumba cha tatu. Sitaki kumwahidi mtoto. Nataka kumwonyesha karatasi."

Mama hakubishana. Sauti ya mumewe ilipotaja mashine ya kusaga ilikuwa na jeraha ambalo hakutaka kuliparuza.

Saa kumi na dakika moja simu ililia ndani ya bakuli. Ikalia mara ya pili.

"Ametuma fedha!" Karani alisema. "Lakini si mwisho wa mwezi."

Ikalia mara ya tatu. Ya nne. Simu ilikuwa inazunguka ndani ya bati kama mdudu aliyeanguka chali, na jina la Dada liliwaka na kuzimika. Hili halikuwemo katika mapatano.

"Kidole kimemsahau," Bibi alisema, ila hakusema kwa nguvu.

Mlio ukaisha wenyewe. Kabla mtu hajatamka neno, ukaanza tena.

Mama alinyoosha mkono. Baba aliushika, si kwa ukali. Aliushika kama mtu anavyoushika mkono wa mtoto kando ya barabara.

"Subiri."

"Anapiga, baba yake. Habipu, anapiga."

"Akiwa na tatizo ataandika. Tulikubaliana. Ugonjwa, anaandika. Huenda simu imekwama, au iko mfukoni inajipiga yenyewe. Ukipokea, inamla hela bila yeye kujua."

"Na kama haiko mfukoni?"

"Zimebaki kumi na tisa," Baba alisema. "Tumefika hapa kwa kutopokea. Mama Karani, tafadhali. Tusije tukaharibu mwishoni."

Ikalia mpaka mwisho. Ikanyamaza. Mara ya tatu ilipoanza, hakuna aliyesogea. Karani tu ndiye aliyekuwa anasogeza midomo, akihesabu milio. Alihesabu tisa. Baada ya hapo bakuli lilitulia.

"Hakuna ujumbe," Baba alisema baada ya muda, akiichukua simu. "Mnaona? Hajaandika. Ilikuwa mfukoni."

Mama aliichukua simu kutoka mkononi mwake, akabonyeza kupiga, akaiweka sikioni. Sauti ya mwanamke asiyejulikana ilimweleza kwa adabu kwamba hana salio la kutosha. Duka la mtaani lilikuwa limefungwa, maana Jumapili mwenye duka alikwenda kwa wakwe zake.

"Leo amesema nini?" Bibi aliuliza. Alikuwa anamuuliza yeyote.

*

Jumatatu asubuhi Mama alikuwa mtu wa kwanza mbele ya duka.

"Mke wa Mizani!" mwenye duka alisema kwa sauti iliyowafikia wateja wawili waliokuwa wanakuja nyuma yake. "Jamani, karibu. Tangu muache sukari nilidhani mmehama. Ningekuwa na wateja wote kama nyinyi, ningefungua duka la hewa."

"Naomba vocha ndogo. Nitakulipa Ijumaa, watu wakichukua sare."

"Vocha haikopeshwi, mama. Chumvi ningekupa. Hata sabuni."

"Ni mtoto wangu. Nataka kumpigia."

"Kila vocha ni ya mtoto wa mtu." Mwenye duka alitazama pembeni, hakuwa mtu katili, ila alikuwa na ulimi mrefu na duka dogo. Kisha akaitazama suruali yake, iliyokuwa inaburuza miguuni. "Hii hapa na nyingine iko ndani. Nimezinunua mitumba, zilikuwa za mtu mrefu. Ukizipunguza zote mbili, vocha yako hii."

"Nizichukue?"

"Hii nimeivaa. Pima hapahapa."

Mama alitoa shingoni futi yake ya kupimia, akapiga magoti sakafuni mbele ya kaunta, akaanza kukunja upindo wa suruali na kuutia pini. Wateja walisimama wakisubiri. Mmoja aliomba kiberiti, na mwenye duka akageuka kukitafuta akiwa na pini miguuni, na Mama akalazimika kumfuata kwa magoti, nusu hatua, kama mtu anayepangusa sakafu. Alimaliza mguu wa kulia, akaanza wa kushoto. Hakulia. Alikuwa na pini nne mdomoni.

Alipopiga, simu ya Dada haikupatikana. Haikupatikana mchana, haikupatikana Jumanne. Baba alirudi kutoka kazini siku zote mbili bila kuuliza, akakaa kwenye kiti karibu na cherehani, akamwangalia mkewe anavyopunguza suruali za mwenye duka.

"Sema," Mama alisema Jumanne jioni. "Nisemeshe chochote."

"Niliushika mkono wako," Baba alisema.

"Uliushika."

"Ungeweza kuuchomoa."

Mama alisimamisha gurudumu la cherehani. Alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu alikuwa mtu wa namna hiyo. "Ndiyo," alisema. "Ningeweza kuuchomoa. Lakini na mimi nilizihesabu zile siku nne za kulala."

*

Jumatano saa nane mchana simu iliita upande wa pili. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka sita.

"Mama? Umepiga wewe? Bibi ana nini?"

Sauti ilikuwa nzito kidogo kuliko walivyoikumbuka. Nyuma yake mashine zilinguruma na kitu kilikuwa kinatoa mvuke. Bibi aliinama mpaka sikio lake likagusana na mkono wa Mama.

"Bibi mzima. Wote wazima. Jumapili ulipiga."

Mvuke ukatoka, ukakoma.

"Nilipiga."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Mlikuwa mmetoka?"

Mama angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno dogo, na lingemfariji kila mtu. "Tulikuwepo," alisema. "Tulikuwa tumelizunguka bakuli."

"Bakuli gani, Mama?"

Hawakuwahi kumwambia kuhusu bakuli. Hapakuwa na mlio wa kumwambia jambo hilo.

"Haya, si kitu," Dada alisema upesi. "Walituletea mikataba. Anayetaka kubaki asaini miaka miwili, asiyetaka aondoke mwisho wa mwezi. Ilikuwa mwisho Jumapili saa kumi na moja. Nikasema nipige kwanza. Nikasema, akipokea mmoja tu, nikisikia sauti yake, namwambia nimechoka na narudi, hata kama deni bado. Hamkupokea. Nikajua hali bado ngumu sana kama hata mlio hampokei. Nikasaini."

"Mbona hukuandika?" Baba aliuliza, akiinama kwenye simu. "Mwanangu, si tulisema uandike?"

"Niandike nini, Baba? Nimechoka? Mngesoma nimechoka mngedhani naumwa, mngekopa nauli mje. Sikutaka kuandika. Nilitaka kusikia mtu."

Baba alijiondoa kwenye simu, akakaa.

"Zimebaki kumi na tisa," Karani alisema kwa sauti ya juu, asiweze kujizuia. "Yaani sasa kumi na sita! Dada, zimebaki kumi na sita tu!"

"Kumi na sita nini?"

"Siku!"

"Siku za nini?"

Hakujua. Mwaka mzima walikuwa wamehesabu kwa lugha ambayo mwenyewe aliyehesabiwa hakufundishwa. Mama aliieleza kwa maneno machache, akiwazia salio: deni linaisha mwezi huu, hati inarudi, walitaka kumshangaza. Upande wa pili mashine zilinguruma.

"Mwezi huu?" Dada alisema. "Mimi nilidhani bado mwaka."

"Ukiuvunja mkataba?" Baba aliuliza.

"Narudisha mishahara ya miezi mitatu."

"Tutaitafuta."

"Mtaitafuta wapi? Mkope?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata Baba. Alisema kama mtu mzima anayezungumza na mtu mzima mwenzake. "Hapana, Baba. Nimeshaona deni linavyofanya watu. Bora nimalize hii miaka miwili nikiwa sidaiwi na mtu."

Mama aliirudisha simu sikioni. Alikuwa na maneno mengi ya miezi kumi na moja, na yote yalikuwa yamesimama mlangoni kwa pamoja. Lililopita lilikuwa moja.

"Kiuno chako ni kilekile?"

Dada alicheka, kisha kicheko kikabadilika kidogo. "Nimepungua, Mama. Vidole viwili hivi."

Salio likakatika hapo.

*

Siku kumi na sita zilipita moja baada ya nyingine, kwa kuwa sasa hakuna aliyetafuta cha kukata. Chuo kilijibu barua ya Baba kwa mistari mitatu ya heshima: nafasi haishikiwi mtu mara mbili, mwanafunzi aombe upya atakapokuwa tayari.

Siku ya mwisho Baba na Mama walikwenda chamani wakiwa wamevaa vizuri. Mhasibu alizihesabu noti, akagonga muhuri, akawapa hati ya nyumba ndani ya bahasha iliyoliwa pembeni na mende. "Mmemaliza miezi saba kabla ya muda," alisema, akasimama kuwapa mkono. "Kama wote wangekuwa kama nyinyi! Mmewezaje?"

"Tulibana," Baba alisema.

"Hongereni sana. Siku mkihitaji mkopo mwingine, hamtapanga foleni."

Jioni Karani alitumwa dukani. Alirudi na sukari na maziwa, akachemsha chai mwenyewe, akaimimina katika vikombe vinne. Kisha akakaa na kijiko mkononi na daftari la kaki magotini.

"Nimefungua ukurasa mpya," alisema. "Nimeandika siku mia saba. Halafu ni ngapi tena, Baba?"

"Ziache."

"Lakini tukiacha sukari tena tunatoa ngapi?"

Bibi ndiye aliyejibu, kwa upole ambao hawakuuzoea kwake.

"Hizi hazipungui, mjukuu wangu. Hizi zimesainiwa. Tia sukari."

"Kijiko kimoja au viwili?"

"Tia tu."

Chai ilikuwa tamu sana. Walikuwa wameitamani wiki nyingi, na Karani alikuwa ameiota mara mbili. Baba alikunywa nusu, akakiweka kikombe chini. Mama alirudi kwenye cherehani, akaitoa blauzi nyeupe, akaigeuza nje ndani na kuipunguza kiunoni vidole viwili, kimoja kila upande. Lakini kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani ya mshono na kukishikiza kwa nyuzi ndefu zinazofumuka kwa urahisi, kama wanavyofanya mafundi wanaposhona nguo ya mtoto anayetarajiwa kukua.

*

Jumapili iliyofuata Karani alileta bakuli kwa mazoea. Baba alilitazama, akaitoa simu ndani yake, akaishika katika kiganja. Ilikuwa bado saa tisa na nusu. Wiki nzima, njiani kwenda na kurudi, alikuwa anatunga atakachosema. Sasa alikuwa anapanda gari tena, na ndani ya gari nafasi ya kutunga ilikuwa ndogo, lakini alikuwa amejitahidi. Alikuwa na mwanzo, akawa na msamaha katikati, na mwishoni kitu kuhusu mtoto aliyesimama juu ya mizani akishika pumzi.

"Itakuwa na joto mkononi mwako," Bibi alisema. "Iweke chini."

"Iko sawa hapa."

Saa kumi na dakika tatu simu ilitetemeka kiganjani mwake. Kabla mlio wa kwanza haujakamilika alikuwa ameshabonyeza, kwa nguvu kiasi kwamba kidole kilimuuma, na simu ilikuwa sikioni.

Upande wa pili mtu alishtuka. Mashine zilinguruma, mvuke ukatoka.

"Baba?" Dada alisema. "Mbona umepokea? Nilikuwa nabipu tu, nilikuwa nakata..."

Baba alilitafuta lile la mwanzo, na la katikati, na la mwisho. Wote watatu walikuwa wameinama kwake, Bibi amemshika goti.

"Usikate," alisema. "Nimepokea."